Mifugo ya Tumboni na Mishipa ya Uzeeni

Hotuba kwa walimu wastaafu, Moshi

Shikamooni wazee wangu. Shikamooni walimu, maana humu ukumbini nawaona walionishika mkono nikiwa najifunza kuandika jina langu, na leo mmenipa kipaza sauti nizungumze mbele yenu. Nashukuru sana. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie presha. Nitaizungumzia, ila naomba ruhusa nianzie zizini.

Aliyekulia mgombani anamjua ng'ombe wa ndani. Haendi malishoni. Anakaa palepale, anasubiri aletewe. Mkungu ukishavunwa, mgomba unakatwa vipande vipande na kupelekwa horini. Majani ya tambarare yalipanda mlimani juu ya vichwa vya mama zetu, mafungu makubwa kuliko wao wenyewe, na mama zangu mlioketi hapa mbele shingo zenu zinakumbuka. Ng'ombe akishiba alitupa maziwa, samadi ikarudi mgombani, mgomba ukazaa tena. Akikosa majani je? Kwanza anatafuna kamba. Halafu anageukia mbao za hori. Mwache siku kadhaa, utakuta ameanza kulila zizi lenyewe.

Kila mmoja wetu ana zizi la namna hii tumboni mwake. Liko kwenye utumbo mpana. Bakteria wanaoishi katika mwili wa mtu mzima mmoja wanakadiriwa kuwa trilioni 38, na karibu wote wako humo. Ukiwakusanya, uzito wao haupiti sana gramu 200, sawa na embe dogo. Sisi tumezoea kuwaita wadudu, na tukisikia wadudu tunawaza dawa ya kuwaua. Wabaya wapo, kipindupindu tunakijua. Lakini hawa ninaowasema wengi wao ni mifugo. Wanakula tunachowaletea, na wanatulipa kulingana na walichokula.

Na siyo kila tunachokula kinawafikia. Sukari ya chai inanyonywa mapema, kwenye utumbo mwembamba. Mkate mweupe vivyo hivyo, karibu wote unaishia huko. Kinachoshuka mpaka zizini ni kile ambacho sisi wenyewe tumeshindwa kukisaga: nyuzinyuzi za maharage, za mchicha, za ulezi usiokobolewa, na ule wanga mgumu wa ndizi mbichi. Hayo ndiyo majani yao. Mtu anaweza kushiba mpaka akalegeza mkanda, na zizi lake likalala na njaa.

Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha jambo ambalo nikilisoma namkumbuka yule ng'ombe. Walichukua panya wa maabara waliozaliwa bila bakteria yeyote, wakawawekea bakteria wa tumboni mwa binadamu, kisha wakawanyima nyuzinyuzi. Bakteria waligeukia ute unaotandika ukuta wa utumbo wakaanza kuula. Ute ukawa mwembamba, na kijidudu cha maradhi kilipoletwa kikaufikia ukuta kwa urahisi. Mbao za hori, wazee wangu. Wametafuna mbao za hori.

Sasa twende kwenye mishipa, halafu tutarudi zizini.

Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo una unene wa kidole gumba hivi. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na kwa kila pigo mshipa huo unatanuka kuipokea damu, kisha unajirudisha na kuisukuma mbele. Baba zangu mliotengeneza manati utotoni mnaijua kazi hiyo. Raba mpya ya tyubu ya baiskeli unaivuta hadi sikioni, ukiiachia inarudi kwa nguvu yote. Ile iliyosahauliwa juu ya bati miezi miwili inakuwa ngumu, ukiivuta unaona nyufa ndogo ndogo zimefunguka, na hairudi tena kama zamani. Mshipa uliokakamaa ni hivyo hivyo. Hautanuki kulipokea pigo la moyo, kwa hiyo pigo lote linapita kama nyundo mpaka kwenye vimishipa vyembamba vya ubongo na vya figo. Ndiyo sababu wengi wenu mkipimwa mnaambiwa namba ya juu imepanda sana na ya chini iko pale pale, au imeshuka.

Ndani ya mshipa kuna utando mwembamba mno, unene wa chembe hai moja tu. Zamani ulidhaniwa ni kama karatasi ya kufungia, haina kazi. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Brooklyn, New York, alieleza kisa ambacho nakipenda sana. Alikuwa akikata vipande vya mshipa wa sungura na kuviwekea dawa ambayo siku zote ilivifanya vijikaze. Siku moja vikalegea badala ya kukaza. Akachunguza, akakuta kwamba kipande kikitayarishwa kwa uangalifu, upande wa ndani usisuguliwe, utando unabaki salama, na ni huo utando unaotoa amri ya kulegea. Ukiusugua umeua amri. Baadaye ikajulikana kwamba amri yenyewe ni gesi, naitriki oksidi, inayoishi sekunde chache tu. Furchgott na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ajili yake. Mtu akiniuliza uzee wa mshipa unaanzia wapi, jibu langu ni kwamba unaanza pale utando huu unaposhindwa kutoa gesi hiyo.

Baba yangu alikuwa mwalimu kama ninyi. Alipostaafu alipimwa kwenye zahanati moja akakutwa na presha ya 168 juu. Akaambiwa, "Hiyo ni presha ya uzee mzee wangu, ni kawaida." Akarudi nyumbani ametulia. Hakupewa dawa, hakuambiwa arudi. Miaka miwili baadaye, asubuhi moja, kikombe kilimponyoka mkono wa kushoto. Alijaribu kukiokota na mkono haukwenda. Aliishi na kiharusi kile miaka tisa. Ile kauli, presha ya uzee, ndiyo iliyonitoa nyumbani leo. Naichukia kwa moyo wangu wote. Maana yake ni kwamba miaka ikifika mshipa lazima uoze, na hakuna la kufanya.

Si kweli. Huko Bolivia, kwenye msitu wa Amazon, kuna watu wanaoitwa Watsimane, wanaolima ndizi, mihogo na mpunga, wanavua na kuwinda. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya madaktari waliowapiga picha za mishipa ya moyo watu wazima 705 wa jamii hiyo. Watu 85 kati ya kila 100 hawakuwa na chokaa hata chembe kwenye mishipa hiyo. Mtsimane wa miaka 80 alikuwa na mishipa ya Mmarekani wa miaka ya hamsini. Wanatembea sana, hilo lazima niliseme, na uvutaji wa sigara kwao ni haba. Lakini hesabu ya cheti cha kuzaliwa na hesabu ya mshipa ni hesabu mbili.

Na hapa ndipo mifugo ya tumboni inapoingia.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder walichukua panya vijana na panya wazee, wakawawekea antibayotiki kali kwenye maji ya kunywa kwa wiki 3 hadi 4, ili karibu bakteria wote wa tumboni wafe. Panya vijana hawakubadilika chochote kwenye mishipa. Panya wazee mishipa yao ililegea, utando wa ndani ukarudi kufanya kazi karibu kama wa panya vijana. Fikirini hilo taratibu. Panya ni wale wale, umri ni ule ule, kilichoondolewa ni bakteria. Basi sehemu ya uzee ule ilikuwa ikitoka tumboni. Bakteria wa panya wazee walikuwa wamebadilika, na damu yao ilikuwa na kitu kiitwacho kwa kifupi TMAO mara tatu zaidi ya ile ya vijana.

TMAO inatoka wapi? Kuna bakteria ambao wakipata kolini, iliyomo kwenye kiini cha yai, au kanitini ya nyama nyekundu, hutoa gesi ya trimethilamini. Gesi hiyo mnaijua kwa pua: ndiyo harufu ya samaki anapoanza kuharibika. Inaingia damuni, inafika kwenye ini, ini linaigeuza kuwa TMAO, halafu figo zinaitoa kwenye mkojo. Dk. Stanley Hazen na wenzake wa Cleveland Clinic, Marekani, ndio walioiunganisha na magonjwa ya moyo mwaka 2011. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya wagonjwa 4,007 waliofuatiliwa miaka 3: kundi lenye TMAO nyingi zaidi lilipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa kiasi cha karibu mara mbili na nusu ya kundi lenye TMAO kidogo zaidi. Na mwaka huo huo walimwomba mtu asiyekula kabisa vitu vya wanyama ale kipande kikubwa cha nyama. Alikubali, akala. Damu yake haikutoa TMAO ya maana. Zizi lake halikuwa na mifugo wa kuitengeneza.

Ninyi ni walimu, mnajua tofauti ya ushahidi na hukumu. Samaki wa baharini ana TMAO yake tayari mwilini, na hakuna anayewaambia watu wa Pangani au Kilwa waache samaki. Figo zikichoka TMAO hupanda vilevile, kwa hiyo wakati mwingine inakuwa ni dalili ya figo. Kwa hiyo mtu asiende nyumbani leo akatupe mayai. Nyama nyekundu ndiyo ninayoomba ipunguzwe, hasa nyama choma ya kila Ijumaa na kila Jumapili na kila msiba na kila kipaimara.

Na kuna jambo nalisema kwa nguvu kuliko yote, kwa sababu najua baadhi yenu mmeshasikia neno antibayotiki mkaanza kuwaza duka la dawa. Msifanye hivyo. Watafiti wa Boulder wenyewe hawakusema watu wanywe antibayotiki. Walitaka kujua tu kama bakteria wanahusika. Antibayotiki inaua ng'ombe wa maziwa pamoja na kupe. Mkinywa amoksilini kwa mafua, mafua hayasikii, na zizi limeangamia, na siku mtakapopata nimonia ya kweli dawa itakuwa imeshazoewa. Nawasihi kama mtoto wenu.

Dawa ya zizi ni majani.

Bakteria wakipata nyuzinyuzi wanazichachusha, na kutokana na huko kuchachusha zinatoka asidi ndogo ndogo: asetati, propionati, butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo mpana. Zote tatu zinaathiri kinga ya mwili na, kwa njia kadhaa, presha. Huko Australia, kazi iliyochapishwa mwaka 2023 ilihusu watu 20 wenye presha ambao hawakuwa wakitumia dawa. Walipewa unga maalumu wa wanga wa mahindi ambao hausagiki juu, unaofika zizini ukiwa mzima, na bakteria wanapoula asidi hizo zinatoka kwa wingi. Kwa wiki 3, namba ya juu ya presha ilishuka kwa nukta 6 hivi. Watu 20 ni wachache, ndiyo. Lakini nukta 6 kwa chakula, si haba hata kidogo.

Sisi wanga huo hatuna haja ya kuuagiza Australia. Ndizi mbichi imejaa wanga wa aina hiyo, ingawa kupikwa kunaupunguza. Na ukipika ndizi, au maharage, au viazi, kisha ukaviacha vikapoa, sehemu ya wanga inajifunga upya na kuwa ngumu kusagika, na ukipasha moto asubuhi sehemu kubwa inabaki hivyo hivyo. Nasema kiporo! Kile kiporo cha ndizi na maharage tulichokula kabla ya kwenda shule, tukaona aibu mbele ya wenzetu waliokula mkate, kilikuwa ni majani ya zizi. Kihifadhiwe vizuri tu, mahali pa baridi, na kipashwe moto mpaka kichemke. Wali hasa msiuache nje usiku kucha.

Mboga za majani nazo zina njia yao, na hii huanzia mdomoni. Mchicha na bitiruti vina naitreti. Ikishaingia mwilini hurudi kwenye mate, na bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huigeuza kuwa naitriti, tunaimeza, na mwilini inazaa ile ile naitriki oksidi ya Furchgott. London, watu wenye presha walikunywa robo lita ya juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki 4, na wengine wakapewa juisi ile ile iliyoondolewa naitreti. Waliokunywa ile kamili presha ya juu ilishuka kwa karibu nukta 8. Katika jaribio lingine watu 19 wenye afya walisukutua kwa dawa kali ya kuua bakteria wa mdomo kwa siku 7, na presha yao ikapanda, kidogo, nukta 2 hadi 3 na nusu. Yaani hata wale walio kinywani wana kazi. Pigeni mswaki, lakini dawa kali za kusukutua ziwe kwa amri ya daktari wa meno.

Sasa nafika nyumbani.

Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa Kilimanjaro, na watafiti wa Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Nilipousoma nilisimama kwenye kiti. Ulihusu wanaume 77 wenye afya, vijana wa vijijini na wa mjini. Wa kijijini waliozoea chakula chetu walipewa chakula cha kizungu kwa wiki 2: soseji, mkate mweupe, chipsi, vyakula vya kiwandani. Wa mjini waliozoea hivyo wakapewa ndizi, maharage, mboga za majani, ulezi, mihogo, na kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja, kwa wiki 2 vilevile. Kundi la tatu lilikuwa la mjini, likapewa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki 1. Wachache wakabaki na chakula chao kwa ajili ya kulinganisha.

Kisha wakapima damu.

Wale wa kijijini waliokula soseji na chipsi, ndani ya wiki 2 tu, damu yao ilianza kuonyesha dalili za inflamesheni. Neno hilo nalieleza hivi: ni mwili kuwasha moto wa kupigana na adui ambaye hayupo. Na wakati huo huo chembe zao za kinga zilipokutanishwa na vijidudu vya kweli zilikuwa legevu zaidi kuliko mwanzo. Moto umewaka, na askari wamelala. Wale wa mjini waliorudishwa kwenye kiburu na mboga, moto wao ulipungua. Wa mbege vilevile. Na wiki 4 baada ya jaribio kwisha, wakati kila mtu ameshaendelea na maisha yake, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo.

Huo moto mdogo usiozimika ndio unaobabua utando wa mishipa, mwaka baada ya mwaka. Hauumi. Hauna homa. Mtu anaendelea na shughuli zake, na ndani raba inaanikwa juani. Wale walikuwa vijana, na wiki 2 zikatosha kuonekana. Nikawaza sisi tunaokula hivyo kwa miaka 20.

Nikamuwaza baba. Alipostaafu tulimhamishia mjini kwa kaka yangu, kwa upendo mtupu. Tulisema amekula ndizi na maharage vya kutosha maisha yake, sasa apumzike, ale vizuri. Kula vizuri kwetu kulikuwa mkate mweupe wenye siagi, soseji mbili, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, mchana wali mweupe na nyama, jioni chipsi kuku. Aliwahi kumwambia shemeji yangu, kwa sauti ya chini, kwamba anatamani kiburu. Tukacheka, tukamwambia baba, hicho chakula cha shida umekisahau tu. Sina kipimo cha kuniambia kwamba chakula kile ndicho kilichomwangusha; alikuwa na presha isiyotibiwa, na hiyo peke yake yatosha. Lakini najua kwamba tulimnyang'anya kitu kilichokuwa kinamtunza, na tulidhani tunampa heshima.

Kwa hiyo naombeni mkiwaona wanenu wanawaletea soseji, wapokeeni kwa shukrani kisha waambieni mnachokitaka. Ninyi ni walimu, mnajua kuelekeza mtu bila kumwaibisha.

Mama zangu, mnajua kutengeneza mbege kuliko watafiti wote wa Uholanzi. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu mpaka zinaiva wekundu, zinaachwa, zinachujwa, unatiwa uji wa kimea cha ulezi, na magome ya msesewe yanatoa ule uchungu. Kinachofanyika kwenye pipa ni kile kile kinachofanyika zizini, kuchachuka. Lakini mbege ina kilevi, na sitamwambia mtu mwenye presha anywe kibuyu kizima kwa jina la utafiti. Asiyekunywa pombe kwa dini yake au kwa uamuzi wake hajakosa kitu: togwa ipo, maziwa mgando yapo. Huko Stanford, Marekani, mwaka 2021 watu waliokula vyakula vilivyochachuka kila siku kwa wiki 10, mtindi na jamaa zake, aina za bakteria wao ziliongezeka na protini 19 za inflamesheni zikapungua damuni.

Wingi wa aina una maana yake. Mwaka 2018 huko Uingereza walipima wanawake 617 wa umri wa kati, wote pacha, wakapima ugumu wa mshipa mkuu na wakahesabu aina za bakteria tumboni. Wenye aina chache zaidi ndio waliokuwa na mishipa migumu zaidi. Zizi lenye ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku likipigwa na ugonjwa mmoja bado lina kitu kesho. Kwa hiyo msile mboga moja wiki nzima. Leo mchicha, kesho mnafu, keshokutwa majani ya maboga. Maharage leo, njegere kesho, choroko kesho kutwa. Na anayeanza aanze taratibu, maana zizi lililozoea njaa likipewa furushi zima siku moja tumbo litajaa gesi, halafu atasema mzungumzaji yule alitudanganya.

Chumvi nayo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Na magadi tunayoyatia kwenye kiburu na makande nayo ni sodiamu, ndugu yake chumvi. Wekeni kidogo, au loweka maharage usiku yaive bila magadi.

Mwisho kabisa ni vidonge. Aliyepewa dawa za presha ameze kila siku, pamoja na mchicha wake, pamoja na togwa yake. Nimewapoteza wagonjwa waliosikia juu ya bitiruti wakaacha vidonge. Namba zikishuka, anayepunguza dawa ni daktari aliyewaandikia. Na mtu akiwaambia 140 kwa 90 au zaidi ni presha ya uzee, mwambieni aandike hayo maneno kwenye cheti na aweke sahihi yake.

Nimeleta mashine mbili za kupimia, ziko kwenye meza ile karibu na dirisha. Mkifika kaeni dakika tano kimya, mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili chini, msiongee. Anayehitaji kwenda haja ndogo aende kwanza. Mkono utalala mezani, usawa wa moyo. Nitawaandikia namba zenu kwenye kadi, juu na chini, pamoja na tarehe. Mwalimu, wewe uliye karibu na mlango, naomba uanze. Kunja mkono wa koti, mzee wangu, nakuja.